Mfereji mmoja, matetemeko ya kila namna

Ardhi inapotikisika Indonesia, Japani au Chile, kitu cha kwanza kufika kwenye vyumba vya habari ni namba. Saba nukta nane. Nane nukta sita. Tisa nukta moja. Namba hiyo husomwa kwenye taarifa ya habari ya usiku kana kwamba hukumu imeshatolewa: ikiwa kubwa ni maafa, ikiwa ndogo ni salama. Magazeti yetu huiongezea “kipimo cha Richter”, ingawa kipimo alichokibuni Charles Richter mwaka 1935 kilitengenezwa kwa ajili ya matetemeko ya California na hushindwa kuyatofautisha matetemeko makubwa sana. Wataalamu walishahamia kwenye kipimo kingine, kilichowekwa na Hiroo Kanamori na Thomas Hanks mwishoni mwa miaka ya 1970. Hilo la kipimo ni dogo. Kubwa ni kwamba namba, hata ikiwa sahihi kabisa, inatuambia nishati iliyotoka ni kiasi gani, haituambii imetoka kwa namna gani. Na katika maeneo ambako bamba moja la gandunia linazama chini ya jingine, ambako ndiko hutokea matetemeko makubwa kuliko yote, namna hiyo ndiyo huamua nani atafukiwa na kifusi, nani atachukuliwa na maji, na nani ataamka asubuhi asijue kama kulikuwa na tetemeko.

Ushahidi wa jambo hili umerundikana mahali pamoja kwa kiasi cha kushangaza. Mfereji wa Sunda ni shimo refu lililoko chini ya Bahari ya Hindi. Unaanzia upande wa Myanmar, unapita nje ya Visiwa vya Andaman na Nicobar, unaambaa na pwani ya magharibi ya Sumatra, kisha unapinda kusini mwa Java kuelekea mashariki. Hapo bamba la India na Australia linazama chini ya bamba la Sunda kwa mwendo wa sentimita nne hadi sita hivi kwa mwaka. Mwendo ni mdogo, lakini hausimami. Mabamba yenyewe hayapishani kwa ulaini. Sehemu kubwa ya mpaka wao imekwama kwa msuguano, na wakati la chini linaendelea kwenda, la juu linapindwa taratibu kama rula ya plastiki iliyobanwa kwenye ukingo wa meza. Visiwa vilivyo juu yake huzama milimita chache kila mwaka, kizazi hata kizazi. Siku msuguano unaposhindwa, mpindo wa karne nzima hufunguka kwa dakika chache.

Nishati inayofunguka haiendi mahali pamoja. Nyingine hugeuka joto kwenye ufa, kwa kuwa miamba imesuguana. Nyingine huishia kuvunja na kusaga miamba hiyo. Nyingine huinua au kushusha sakafu ya bahari pamoja na maji yote yaliyo juu yake. Sehemu inayobaki, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, ndiyo husafiri kama mtikisiko na kuangusha nyumba. Mgawanyo huo hubadilika kutoka ufa mmoja hadi mwingine, na hata kutoka kipande hadi kipande cha ufa huohuo. Hoja ya makala hii imesimama hapo: jina la ukanda halitoshi, na ukubwa wa tetemeko hautoshi, kwa sababu vyote viwili vinaficha mgawanyo huu.

Tuanze na tetemeko linalojulikana zaidi. Tarehe 26 Desemba 2004, saa mbili kasoro dakika moja asubuhi kwa saa za Sumatra, ufa ulifunguka magharibi ya Aceh na kuanza kukimbia kuelekea kaskazini. Ulikimbia kwa dakika nane hadi kumi na kuacha nyuma yake mpasuko wa takribani kilomita 1,300. Mabamba yalipishana kwa mita nyingi, sehemu nyingine zaidi ya mita 15, na mtelezo huo ulipanda hadi karibu na mfereji, chini ya maji ya kina kirefu. Sakafu ya bahari ilipoinuka, ilibeba maji ya kina hicho chote. Ukubwa ulikadiriwa baadaye kuwa 9.1. Watu takribani 230,000 walikufa katika nchi 14, na mawimbi hayakuishia Asia: baada ya zaidi ya saa saba yalifika pwani ya Afrika, yakaua karibu watu 300 Somalia, wasiopungua 10 Tanzania, na mmoja Kenya, ambako yalikuta maji yanakupwa na kwa hiyo hayakupanda juu kama ambavyo yangeweza.

Miezi mitatu baadaye, usiku wa tarehe 28 Machi 2005, kipande kinachofuata upande wa kusini kilipasuka chini ya kisiwa cha Nias. Ukubwa ulikuwa 8.6. Kwa kipimo chochote hilo ni tetemeko la kutisha. Tangu miaka ya 1960 imalizike hadi siku ile, ni lile la Desemba peke yake lililolizidi. Watu wa pwani zote za Bahari ya Hindi, wakiwa bado na majonzi ya Desemba, walisubiri maji usiku ule. Maji hayakuja kwa kiwango kile. Karibu watu 1,300 walikufa, wengi wao wakifukiwa na majengo yaliyoporomoka Nias, na tsunami iliyotokea ilikuwa ndogo, ya kujeruhi pwani za karibu tu. Sababu si siri: mtelezo ulijikita chini ya visiwa vyenyewe na chini ya maji ya kina kifupi. Badala ya kuinua bahari, nishati iliinua nchi kavu. Pwani ya magharibi ya Nias ilipanda kwa karibu mita tatu sehemu nyingine, na matumbawe yaliyokuwa yanaishi chini ya maji yakabaki juani, meupe, yakifa.

Sasa tulitazame la tatu, ambalo kwa namba lilionekana la kawaida. Tarehe 25 Oktoba 2010 usiku, nje ya Visiwa vya Mentawai, kusini zaidi kwenye mfereji uleule, lilitokea tetemeko la 7.8. Kwa hesabu ya wataalamu, hatua moja kamili kwenye kipimo ni sawa na kuzidisha nishati mara 32 hivi, na hatua mbili mara 1,000. Kwa hiyo tetemeko la Nias lilikuwa na nguvu takribani mara 16 ya hili la Mentawai. Hata hivyo mawimbi ya Mentawai yalipanda zaidi ya mita kumi sehemu kadhaa za visiwa vya Pagai, yakafuta vijiji na kuua zaidi ya watu 400. Ufa ulikuwa umepasuka karibu kabisa na mfereji, kwenye ncha ya bamba la juu ambayo si mwamba mgumu bali ni mashapo laini yaliyojaa maji. Ndani ya mashapo kama hayo mpasuko hauwezi kukimbia. Hutambaa. Mpasuko wa kawaida huenda karibu kilomita tatu kwa sekunde. Wa Mentawai ulikwenda nusu ya mwendo huo au pungufu, na ulichukua takribani dakika mbili, muda mrefu sana kwa tetemeko la ukubwa ule. Mwendo wa taratibu hautoi mtikisiko mkali, lakini sakafu ya bahari huinuka vilevile, na maji hayajali kama yamesukumwa kwa sekunde 20 au kwa dakika mbili.

Hapo ndipo namba inapokuwa mtego. Wataalamu waliowahoji wakazi wa Mentawai baada ya maafa walikuta kwamba wengi hawakukimbia kwa sababu ardhi ilitikisika kwa upole. Walikuwa wanalinganisha na tetemeko la 12 Septemba 2007, lenye ukubwa wa 8.4, lililowatikisa vibaya lakini likaleta tsunami ndogo. Uzoefu wao ulikuwa wa kweli kabisa, na ulikuwa umewafundisha kinyume cha walichohitaji kujua. Ulimwengu wa sayansi ulikuwa na maelezo ya aina hii ya tetemeko tangu mwaka 1972, Kanamori alipoonyesha kwamba baadhi ya matetemeko hutoa tsunami kubwa kuliko mtikisiko wake unavyoashiria. Mfano wake mkubwa ulikuwa Sanriku, Japani, mwaka 1896: mtikisiko mdogo jioni, kisha mawimbi yaliyoua watu takribani 22,000. Nicaragua iliyapata hayohayo mwaka 1992, na Java kusini mwaka 2006.

Mfereji wa Sunda haujamaliza. Tarehe 30 Septemba 2009 mji wa Padang ulipigwa na tetemeko la 7.6 lililoua zaidi ya watu 1,100, na bahari haikushtuka. Tetemeko hilo halikutokea kwenye mpaka wa mabamba. Lilitokea ndani ya bamba linalozama, kina cha takribani kilomita 80, mahali ambapo mwamba unapinda, unabanwa, na madini yake yanaachia maji yaliyokuwa yamefungwa ndani. Kina hicho kiliizuia nishati isiguse sakafu ya bahari, lakini mtikisiko wake ulikuwa mkali na ulielekea moja kwa moja juu, kwenye majengo ya zege ya mji. Kisha, tarehe 11 Aprili 2012, bamba lilelile la bahari lilipasuka upande wa pili wa mfereji, kabla halijaanza kuzama, kwa ukubwa wa 8.6 na baadaye siku hiyohiyo 8.2. Vipande vyake vilipishana kwa ubavu, bila kuinuana. Tahadhari ilitolewa kwa nchi za Bahari ya Hindi, kisha ikafutwa. Tsunami iliyopimwa pwani ya Sumatra ilikuwa ya takribani mita moja. Lile la Nias na hili la kwanza ni ya 8.6 yote mawili, lakini hayafanani hata kidogo.

Msomaji makini atauliza kwa nini mfereji mmoja, wenye mabamba yaleyale, ufanye mambo tofauti hivi. Jibu liko kwenye joto, kina na kile kinachomezwa. Karibu na mfereji, kwenye mashapo yenye baridi na maji, mara nyingi ufa hauwezi kushika mkazo mkubwa. Chini kidogo, kwenye joto la kati ya nyuzi 100 na 350 hivi, miamba hushikana na kuachiana kwa ghafla. Hapo ndipo ngome ya matetemeko makubwa ilipo. Chini zaidi, mwamba hulainika na kusogea bila kelele. Lakini mipaka ya matabaka haya hubadilika kulingana na mzigo. Kaskazini mwa Sumatra bamba linabeba mashapo mazito, kilomita kadhaa za tope lililosombwa kutoka Himalaya kwa mito ya Ganges na Brahmaputra. Mwaka 2016 meli ya utafiti ya JOIDES Resolution ilichimba sakafu ya bahari kabla ya mfereji na kukuta kwamba, chini ya uzito huo, mashapo yalishapata joto na kupoteza maji kabla hata ya kumezwa. Yaliingia mferejini yakiwa yamekauka na kuwa magumu. Hiyo inaeleza kwa nini mwaka 2004 mtelezo uliweza kupanda karibu na mfereji kwa nguvu, mahali ambapo vitabu vilisema ufa ni laini mno.

Vitabu hivyo havikuandikwa na wajinga. Mwaka 1979 Seiya Uyeda na Kanamori walipendekeza kwamba kanda hizi ziko kwenye mizani yenye ncha mbili. Upande mmoja ni Chile, ambako bamba changa, bado lina joto na ni jepesi, linasukumwa kwa nguvu chini ya bara. Mabamba yanabanana, na tarehe 22 Mei 1960 yalitoa tetemeko la 9.5, kubwa kuliko lolote lililowahi kupimwa. Upande wa pili ni Visiwa vya Mariana, ambako bamba kuukuu na zito linazama karibu wima lenyewe, likivuta mfereji nalo, na bamba la juu linanyooshwa badala ya kubanwa. Huko hakuna tetemeko la 8 lililothibitishwa katika historia ya vipimo, na lile la Guam la 1993 lilikuwa 7.8. Mwaka 1980 Larry Ruff na Kanamori walitengeneza kanuni: bamba changa likienda haraka, tarajia makubwa, bamba kuukuu likienda taratibu, usitarajie. Ilikuwa kazi nzuri, ilieleza mengi, na bado inaeleza kwa nini Andes ni milima na Mariana ni shimo.

Kosa lilikuwa la watumiaji waliogeuza mwelekeo wa jumla kuwa cheti cha usalama. Eneo la Andaman na Nicobar lilikuwa na sifa zote za kustahili cheti hicho: bamba lisilo changa, mwendo wa kukaa upandeupande, na nyuma yake bahari inayofunguka kama ilivyo Mariana. Likapasuka kwa 9.1. Kaskazini mashariki ya Japani bamba la Pasifiki lina umri wa takribani miaka milioni 130, na tathmini rasmi zilikuwa zinasubiri tetemeko la 7.5 hivi nje ya Miyagi. Tarehe 11 Machi 2011 lilikuja la 9.0, na mabamba yakapishana kwa karibu mita 50 jirani na mfereji. Mtaalamu Robert McCaffrey alishaandika baada ya Sumatra kwamba historia ya vipimo vyetu ni fupi mno kutuwezesha kusema ukanda wowote hauwezi kutoa tetemeko la 9. Hiyo ni kauli ya kuudhi kwa mpangaji wa bajeti, lakini hadi leo haijapatikana sababu ya kuikanusha.

Tukio la Japani lilitoa pia kitu adimu: nafasi ya kupima nishati iliyogeuka joto. Mwaka 2012 meli ya Chikyu ilisimama juu ya maji yenye kina cha karibu kilomita saba, ikatoboa sakafu kwa zaidi ya mita 800 hadi kwenye ufa wenyewe, na kuteremsha humo waya wenye vipimajoto 55. Vilikaa humo miezi kadhaa. Vilipotolewa mwaka 2013 vilionyesha kwamba mahali ambapo mabamba yalipishana mita 50 palikuwa na joto la ziada la nyuzi 0.31 tu. Kama msuguano ungekuwa wa miamba ya kawaida, joto lingekuwa kubwa mara nyingi zaidi. Vijiti vya mwamba vilivyopandishwa vilieleza sababu: ufa ulikuwa umejaa udongo laini wa mfinyanzi, unaoteleza ukipashwa joto na maji yakakosa pa kutokea. Maana yake ni kwamba pale nishati kidogo sana iliishia kwenye msuguano, na nyingi ilibaki kwa ajili ya kusogeza bamba na bahari. Kaskazini mwa Sumatra mashapo yaliyokauka, Japani udongo wa utelezi. Sababu mbili zinazopingana, na zote zilifikisha mtelezo mferejini. Ndiyo maana sina imani na orodha fupi ya aina za kanda.

Yuko atakayepinga na kusema kwamba namba bado ndiyo inayotawala. Matetemeko machache ya kuanzia 9 kwenda juu yamebeba sehemu kubwa mno ya nishati yote ya matetemeko ya karne iliyopita, na mara nyingi ni hayo yanayoweza kuua upande wa pili wa bahari. Ni kweli, na kwa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki ndiyo kweli inayotuhusu zaidi: tetemeko la 7.8 la Mentawai halikutufanya lolote, la 9.1 lilitufikia. Ila namba hiyo haipatikani kwa wakati unaotakiwa. Mwaka 2004 kituo cha tahadhari cha Pasifiki kilichoko Hawaii kilitoa taarifa ya kwanza ikitaja ukubwa wa 8.0. Mwaka 2011 Japani, nchi yenye mitambo mingi kuliko yoyote, ilitangaza ndani ya dakika tatu tetemeko la 7.9 na mawimbi ya mita sita kwa Miyagi na mita tatu kwa Iwate na Fukushima. Makadirio yalipandishwa baadaye, karibu nusu saa tangu tetemeko, wakati baadhi ya watu walikuwa wameshasikia “mita tatu” na kuamini kuta zao zinatosha. Zaidi ya watu 18,000 walikufa au kupotea. Ukubwa wa mpasuko mrefu hauwezi kujulikana kabla mpasuko haujakamilika.

Pingamizi la pili ni la matumaini: kama kuna sehemu za ufa zinazoteleza taratibu, basi zinapunguza nishati bila madhara, na tuzihesabu kama baraka. Mwaka 2001 wataalamu wa Kanada walitangaza kwamba chini ya pwani ya Cascadia, magharibi mwa Amerika Kaskazini, ufa huteleza kimya kwa wiki kadhaa, na baadaye ikaonekana hujirudia kila baada ya miezi 14 hivi. Hakuna anayeamshwa usingizini. Hata hivyo pwani hiyohiyo ilipasuka tarehe 26 Januari 1700 kwa tetemeko la karibu 9, ambalo tunalijua kwa misitu ya mierezi iliyozama na kwa tsunami iliyoandikwa Japani bila kuwa na tetemeko lililotangulia. Mtelezo wa kimya kwenye sehemu ya chini ya ufa hauondoi mkazo ulio juu yake, huuongeza. Sumatra ina ushahidi wa kutisha zaidi. Matumbawe hukua hadi usawa wa maji kupwa na kuishia hapo, kwa hiyo tabaka zake, zikikatwa kwa msumeno na kuhesabiwa, huonyesha mwaka kwa mwaka kisiwa kilipanda au kilishuka. Matumbawe ya kisiwa cha Simeulue yanaonyesha kwamba tangu 1829 ufa wa chini yake ulikuwa unateleza polepole, mtelezo uliodumu miaka 32. Uliishia kwenye tetemeko kubwa la mwaka 1861. Utulivu huo wote ulikuwa ni mzigo unahamishiwa jirani.

Na wapo wanaotegemea vyombo: siku hizi GPS hupima kusogea kwa ardhi hadi milimita, kwa hiyo tutajua kila kipande kilichokwama. Vyombo vimesaidia, tena sana. Visiwa vya Sumatra viko karibu juu ya ufa wenyewe, na vituo vilivyofungwa huko tangu mwaka 2002 vimefundisha mengi. Lakini sehemu nyingi mfereji uko mbali na nchi kavu, na kipande cha hatari kuliko vyote, kile cha karibu na mfereji, ndicho ambacho kipimo cha nchi kavu hakikioni. Japani ililielewa hilo kwa gharama, na baada ya 2011 ikatandaza chini ya bahari nyaya zenye vituo 150 vya kupima mtikisiko na uzito wa maji. Nchi ngapi nyingine zina uwezo huo? Hata penye vipimo vizuri, ratiba haisomeki. Kamchatka ilipasuka kwa 9.0 mwaka 1952, na wengi wangesema kipande hicho kimeshatua mzigo wake kwa karne kadhaa. Julai 2025, baada ya miaka 73 tu, eneo lilelile likatoa tetemeko la 8.8.

Kuna ukanda mwingine wa Bahari ya Hindi unaostahili kutazamwa kwa jicho hili, na una jamaa zetu upande wa pili wa maji. Makran, kwenye pwani ya Pakistan na Iran, inatazamana na Oman kwa umbali usiozidi kilomita 500. Bamba la Arabuni linazama hapo taratibu sana, likiwa na mashapo ya takribani kilomita saba juu yake. Novemba 1945 upande wa mashariki ulipasuka kwa 8.1 na mawimbi yakafika hadi Mumbai. Upande wa magharibi umenyamaza, na wataalamu wanabishana: wengine wanasema unateleza kimya, wengine wanasema umekwama. Kwa kanuni ya zamani, mwendo mdogo ni dalili ya ukanda mpole. Kwa yaliyotokea Andaman, mashapo mengi ni dalili ya mpasuko mrefu. Mkazi wa Muscat au Sur asikubali kutulizwa na ile ya kwanza. Huku bara kwetu hali ni nyingine: matetemeko ya Bonde la Ufa, kama lile la Kagera la Septemba 2016 lenye ukubwa wa 5.9, hutokana na ardhi kuvutwa na kutengana, na yanahitaji makala yake.

Basi mtu wa kawaida, asiye na nyaya wala meli, ashike nini? Kwa aliye jirani na mfereji, kipimo bora kuliko namba ni muda. Mpasuko mrefu au wa taratibu, yaani ile miwili inayoleta maji, hutikisa kwa muda mrefu, ama kwa ukali ama kwa upole. Watu wa Simeulue walikuwa wamerithishana habari za tsunami ya mwaka 1907, na agizo lake halikuwa na namba ndani yake: ardhi ikitikisika na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Mwaka 2004, katika kisiwa chenye watu wapatao 78,000 kilicho jirani kabisa na chanzo cha tetemeko, walikufa saba. Kwa aliye mbali, kama sisi, hakuna mtikisiko wa kumwamsha. Anategemea tahadhari ya mamlaka, na saa saba ni muda wa kutosha ikiwa taarifa itafika ufukweni na si kuishia ofisini. Waandishi wenzangu nao wanaweza kuanza kuuliza maswali mawili zaidi kabla ya kuchapa namba: kina kilikuwa kilomita ngapi, na mabamba yaliinuana au yalipishana kwa ubavu? Majibu ya maswali hayo hutolewa na vituo vya kimataifa ndani ya saa ya kwanza, bure.

Kipande cha ufa kilicho chini ya Visiwa vya Mentawai kilipasuka kwa ukubwa mara ya mwisho mwaka 1797 na 1833, na matumbawe yake yanaonyesha kwamba hufanya hivyo kila baada ya karne mbili hivi. Matetemeko ya 2007 na 2010 yalifungua sehemu tu ya mkazo uliokusanyika. Padang, mji wa watu karibu milioni moja uliojengwa kwenye pwani tambarare, unatazamana nacho.